Mama ametolewa uvimbe shavuni, sasa wanasema aende kuchomwa mionzi

Jambo Mama muuguzi,

Mimi ni binti wa kwanza katika nyumba ya watoto watano, tunakaa Katuba hapa Lubumbashi. Nakuandikia kwa sababu nyumbani hatusikilizani tena, na siku zinakwenda.

Mama yetu ana miaka 58, anauza samaki wakavu pale soko la Kenya. Kwa muda mrefu alikuwa na kivimbe kidogo chini ya sikio la kushoto. Hakikumuuma. Alisema ni jino, kisha mzee mmoja akamchanja na kumpaka dawa, kikatulia, au sisi tulidhani kimetulia. Mwaka jana kikaanza kukua na kumchoma kama sindano usiku, na jicho la upande ule likawa zito kufunga. Ndipo tukamkokota hospitali. Wakampiga skana, wakampasua, wakatoa tezi ya mate yote ya upande ule. Jeraha likafunga vizuri, mama akarudia bukari yake (ugali), tukamshukuru Mungu.

Baadaye karatasi ya anapati, kipimo cha ile nyama iliyotolewa, ikarudi. Imeandikwa kwamba ni kansere, aina inayoitwa adenoidi sistiki, kwamba imeonekana ikizunguka neva, na kwamba ukingo wa nyama iliyokatwa haukuwa safi upande mmoja. Dokta aliyempasua akatuambia: "Nimetoa chote nilichokiona, lakini lazima aende radioterapi, yaani achomwe mionzi, na asikawie kupita wiki sita tangu upasuaji." Akatuandikia karatasi ya kwenda Lusaka. Tangu siku ya upasuaji sasa mwezi umeshapita.

Nyumbani maneno yamekuwa mengi. Mjomba anasema mtu aliyetolewa kansere amepona, kumchoma ni kuiamsha. Mdogo wangu wa kiume anasema hapa hapa kuna kimo, zile dawa za kuua kansere, ni sindano tu, kwa nini tuhangaike nchi za watu? Lakini mimi najua kinachomsumbua. Pesa iliyopo, dola elfu tatu na kidogo, ni ya likilimba (upatu) ya mama pamoja na ya mdogo wangu huyo, na imewekwa kwa dote yake, mahari, ya mwezi wa nane. Anataka tumalize dote kwanza, eti mama hana maumivu sasa. Mama mwenyewe anasema, "Muache mtoto aoe." Tena amesikia kwamba mtu anayechomwa hawezi kumbeba mtoto, na yeye ndiye analala na mtoto wangu wa miaka miwili.

Mama, hii radioterapi ni lazima kweli? Tunaweza kusubiri dote ipite? Kule watamfanya nini? Na pesa ikituishia katikati, tutafanyaje? Mama yetu naye amenituma nikuulize kama akirudi ataweza kuuza samaki wake.

Binti wa kwanza, Katuba

*

Mwanangu,

Swali lako la kwanza jibu lake ni ndiyo, na la pili ni hapana. Yaliyobaki ni maelezo, na mengi ni ya pesa, maana katika miaka yangu ya uuguzi ni mara chache nimeona mionzi yenyewe ikimshinda mgonjwa. Kinachowashinda ni kodi ya chumba na chakula cha yule anayemsindikiza.

Nianze na mjomba, kwa heshima yake. Dokta hakudanganya aliposema ametoa chote alichokiona. Tezi hii iliyo mbele na chini ya sikio, wanaiita parotidi, inapitiwa katikati na neva ya uso, ile inayofunga jicho na kuinua mdomo mtu anapocheka. Sasa kansere ya adenoidi sistiki haina haraka, lakini inapenda kufuata neva. Inajipenyeza pembeni mwake kama mchwa ndani ya fremu ya mlango, inapanda kuelekea kwenye fuvu, na nje huoni wala hugusi kitu. Zile sindano za usiku na jicho zito, kabla hata hajapasuliwa, inaelekea zilikuwa habari za neva hiyo. Ongeza na ukingo ambao haukuwa safi, maana yake kisu kilipita mahali chembe za kansere zilikuwa bado zipo. Mionzi haiamshi kitu hapo. Inafuata kile kilichobaki macho.

Wapo watu wanaotolewa kansere ya tezi ya mate na kurudishwa nyumbani bila mionzi: kansere ndogo, ya daraja la chini, ukingo safi, neva haijaguswa, tezi za shingo hazina kitu. Mjomba huenda amemuona mmoja wa hao, akadhani wote ni sawa. Karatasi ya mama yako haisemi hivyo. Mpe mjomba akae na dokta dakika kumi, karatasi ikiwa mezani. Wazee wetu hukubali wakiambiwa na mwenye koti jeupe kile walichokikataa kwa mtoto wa dada.

Lakini nisikufiche. Mionzi inapunguza nafasi ya ugonjwa kurudi mahali pale pale ulipotolewa, haimpi mtu cheti cha kupona milele. Aina hii inaweza kukaa kimya miaka mingi, hata kumi, kisha ikaonekana tena, mara nyingi kwenye mapafu. Kwa hiyo hata baada ya Lusaka, mama ataendelea kumuona dokta na kupigwa picha ya kifua kwa miaka mingi, awe anajisikia vizuri au la.

Kuhusu kimo, mwambie mdogo wako kwamba dawa hiyo inasaidia sana kansere nyingine, lakini kwenye tezi za mate, baada ya upasuaji, haijathibitika kwamba inaweza kushika nafasi ya mionzi, na hii ya adenoidi sistiki huisikia kimo kwa shida sana. Mtatumia pesa ileile hapa mjini na kansere itaendelea na safari yake.

Sasa tuje kwenye pesa na dote.

Wiki sita alizotaja dokta hakuzitoa kichwani mwake. Jeraha linahitaji wiki kadhaa kufunga, na chembe zilizobaki zisipewe nafasi ya kuongezeka, kwa hiyo lengo ni kuanza karibu na wiki ya sita. Mkichelewa wiki mbili tatu msikate tamaa mkasema basi imeshapita, bado mwende. Lakini kutoka sasa hadi mwezi wa nane, kisha mpumzike dote, kisha mtafute tena pesa iliyoliwa na dote, hapo mnazungumzia mwakani. Kwamba mama hana maumivu sasa si hoja. Hata kile kivimbe hakikumuuma kwa miaka.

Matibabu yenyewe ni ya kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa. Kwa kawaida baada ya upasuaji wa namna hii jumla ni grei 60 hadi 66 (grei ni kipimo cha mionzi), na kila siku anapewa grei 2, ndiyo zinakuwa mara 30 hadi 33, wiki sita na zaidi. Wanagawa hivyo kwa sababu nyama nzima, isiyo na kansere, inajitengeneza usiku, na chembe za kansere zinajitengeneza vibaya. Weka pia wiki moja au mbili za mwanzo za vipimo na kupanga. Kwa hiyo hesabuni miezi miwili ya kukaa, watu wawili.

Hapo ndipo nakuomba unisikilize sana. Kama pesa inatosha nusu, msianze. Mgonjwa akichomwa wiki tatu kisha akarudi nyumbani kutafuta pesa, chembe zilizokuwa zinakufa zinapata pumzi, na zile wiki tatu haziwezi kurudiwa hivi hivi, kwa sababu ngozi, taya na neva vina kiasi chao cha mionzi ambacho hakipaswi kupitwa. Siku moja ya sikukuu au ya mashine kugoma, madaktari wanajua namna ya kuifidia. Mwezi mmoja hawawezi. Afadhali mkae wiki moja zaidi Lubumbashi mkiunganisha pesa kuliko kuvuka mpaka na matumaini.

Pigeni simu kabla ya kufunga mizigo, au dokta wenu apige. Waulizeni mambo matatu: mashine inafanya kazi wiki hii, foleni ina urefu gani, na bei ya mgonjwa anayetoka nchi nyingine ni ngapi, yote kwa yote, maana bei ya mwenyeji si ya mgeni. Swali la mashine msilione la kipuuzi. Mwaka 2016 mashine ya mionzi, ya kobalti, ya hospitali ya Mulago, Kampala, iliharibika, na ilikuwa ndiyo pekee Uganda nzima. Karibu miaka miwili ikapita kabla ya mpya kuanza kazi.

Lusaka hospitali ya kansere imekuwepo tangu 2007, ndani ya eneo la hospitali kuu ya chuo kikuu, na kwenu ndiyo ya karibu kwa barabara. Wakikuambia foleni ni ya miezi, ulizeni Ocean Road, hospitali ya kansere ya Dar es Salaam. Ni mbali, lakini mama ataongea na wauguzi Kiswahili chake mwenyewe, na hiyo si kitu kidogo kwa mtu anayekaa miezi miwili bila watu wake. Kigali wana mashine pale hospitali ya jeshi ya Kanombe tangu 2019. Kinshasa nako dokta aulize, maana huko hamhitaji pasipoti, ingawa tiketi za ndege mnazijua.

Mkienda Zambia, chukueni pasipoti na karte ya manjano, ile ya chanjo, na mambo ya viza mkaulize kwenye konsula yao hapa mjini, msimsikilize mtu wa kituo cha basi. Ripoti ya upasuaji na anapati zenu ni za Kifaransa, tafuteni mtu anayejua kazi azitafsiri kwa Kiingereza. Tena ombeni maabara iwape vile vioo vya anapati na kile kipande cha nyama kilichohifadhiwa kwenye nta. Hospitali nyingi hutaka kuvisoma zenyewe kabla ya kukubali mgonjwa, na nimeona watu wakirudi kilomita mamia kwa ajili ya kiboksi kinachoenea mfukoni. Picha za skana nazo, kwenye sidii. Kasumbalesa, pale mpakani, ni kilomita 90 hivi tu, lakini mnaijua ile foleni ya malori. Ondokeni alfajiri ili mama asipigwe na jua la mchana kwenye kovu.

Mdogo wako wa kiume nina neno naye. Kijana wangu, dote haikimbii. Mtumeni mjomba, mtu mzima, aende kwa wakwe na kitu kidogo mkononi, aeleze kwamba mama wa kijana anakwenda kutibiwa kansere na familia inaomba muda. Wakwe wa kweli watasikia, pengine hata watachangia. Wakikataa, basi umewajua mapema. Na mama anaposema "muache mtoto aoe", anafanya kazi ya mama. Wewe fanya ya mtoto.

Kabla hamjaondoka Lubumbashi, wiki hii hii, mpeleke kwa daktari wa meno. Watu wengi huruka hapa na kujuta. Mfupa wa taya uliopigwa mionzi unakosa damu ya kutosha, na ukingʼoa jino baadaye, tundu linaweza kukataa kupona na mfupa ukaanza kufa. Kwa hiyo meno mabovu ya upande ule yangʼolewe sasa, na yapewe kama wiki mbili kupona kabla ya mionzi kuanza. Unaona sasa kwa nini nasema wiki hii? Baada ya hapo, maisha yake yote, asimruhusu mtu kumngʼoa jino bila kumwambia kwanza kwamba taya lake limechomwa. Dawa ya meno iwe na floridi, mara mbili kwa siku, bila kukosa.

Kule watamtengenezea maski. Ni plastiki nyeupe yenye matundu matundu kama kichungi. Wanaitia kwenye maji ya moto inakuwa laini, wanamwekea usoni ikiwa vuguvugu, inakamata umbo la pua, kidevu na paji la uso, na dakika chache inakauka. Kila siku itamfunga kichwa kwenye meza ili asisogee, kwa sababu mionzi inalenga mahali pale pale. Inabana. Mwambie mapema, asije akashtuka akadhani anafungwa. Ataachwa peke yake chumbani, lakini wanamuona kwenye kamera na wanamsikia. Akitoa ishara, kama kuinua mkono, watasimamisha. Mashine inazunguka, inalia kidogo, haichomi kama moto, hasikii kitu. Dakika kumi au kumi na tano, anashuka.

Mateso huja baadaye, kuanzia wiki ya pili au ya tatu. Mdomo unapata vidonda, mate yanakuwa mazito, chakula kinakosa ladha, ngozi ya shavu inakuwa nyeusi na kubanduka, na uchovu unamlaza mchana. Kilele ni wiki za mwisho, na hata wiki mbili baada ya kumaliza bado hali inaweza kuwa ngumu, kwa hiyo asidhani imeharibika. Asukutue mdomo mara nyingi kwa siku: lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, kijiko kidogo cha chumvi, kijiko kidogo cha bikarbonati. Pilipili aiache, kikanda chenye pilipili akiache, munkoyo, kile kinywaji, ukichacha utamchoma vidonda, na pombe na tumbako ya pua visitajwe. Mpikie bukari laini, vuguvugu, na mchuzi wa gombo (bamia) unaoteleza wenyewe, mayai, uji wenye unga wa karanga. Mpime uzito kila wiki. Ukishuka haraka, waambie wauguzi siku hiyo hiyo, kwa sababu mgonjwa akikonda sana hata maski inalegea na kazi inaanza upya. Shavu alioshe kwa maji tu, asilipake krimu yoyote asiyopewa na hospitali, hasa zile za kujichubua.

Afanye pia zoezi la mdomo kila siku: afungue hadi vidole vitatu vilivyosimama viingie kati ya meno. Taya lililochomwa hukaza polepole, na likikaza hata kijiko kinapita kwa shida.

Na jicho. Umesema lilikuwa zito kufunga, hukusema sasa likoje. Kama bado halifungi vizuri, linakauka usiku na linaweza kupata kidonda. Dokta ampe matone ya kulilowanisha, na akilala mlifunge taratibu kwa plasta laini.

Mtoto wako wa miaka miwili mwambie mama ambebe anavyotaka, hata siku ile ile aliyotoka kwenye mashine. Mionzi hii inatoka kwenye mashine, inapita, na mashine ikizimwa imekwisha. Haikai mwilini mwake wala kwenye jasho au sahani. Wanaokatazwa kukaribia watoto kwa siku kadhaa ni watu wa matibabu mengine, kama wanaokunywa iodini ya mionzi kwa ajili ya tezi ya shingo, na habari hizo mbili zimechanganywa sokoni. Kumbeba mtoto ni tabu kwa sababu ya uchovu tu.

Samaki atauza. Tezi za upande wa kulia zinabaki, na kwa kuwa ugonjwa uko upande mmoja tu, madaktari hujitahidi kuzikinga, kwa hiyo mdomo utakauka lakini si wote. Aupe mwili mwezi mmoja au miwili baada ya kurudi, aanze na nusu siku, chupa ya maji pembeni, kitambaa laini cha pamba na kofia kwa ajili ya jua. Meza yake asiifunge. Atafute tangu sasa mtu wa kuaminika wa kuikalia, dada yako au jirani yake wa sokoni, na wakubaliane faida inagawanywa vipi kabla hajapanda basi. Meza ikikaa tupu miezi miwili pale soko la Kenya, mwingine ataweka mzigo wake juu.